Kwa nini zebaki hutoroka na dhahabu hubaki? Jibu lipo kwenye jedwali la elementi

Mpanda ya leo inasifika kwa dhahabu, lakini reli ya kutoka Kaliua ilifika huko enzi za mkoloni kwa sababu ya risasi. Siyo ya bunduki, bali ile metali nzito iliyokuwa ikichimbwa huko. Miamba ya eneo hilo ina shaba na fedha pia, yaani sehemu nzuri ya jedwali la elementi ambalo wanafunzi wa sekondari hulikariri bila kujua linafanya kazi gani.

Kazi yake ni kukisia. Elementi zilizo kwenye safu wima moja zina tabia za kifamilia, na tabia hizo hubadilika kwa mpangilio unaposhuka. Shaba (namba 29), fedha (47) na dhahabu (79) ziko kundi la 11. Shaba huota ukungu wa kijani, fedha huingia weusi taratibu, dhahabu inaendelea kung'aa tu. Ndiyo maana dhahabu huokotwa ikiwa metali tupu, wakati shaba mara nyingi imeng'ang'aniwa na salfa ndani ya mwamba.

Kundi la 12, jirani yake, ndilo linalomgusa zaidi mchimbaji mdogo wa Katavi. Lina zinki, kadimiamu na zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu kwenye mchanga uliosagwa na karasha, kisha donge linachomwa.

Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, kadimiamu 767. Je, zebaki iliyo chini yao? Ukipunguza tena nyuzi 140 zilezile, unapata 627. Ukweli ni 357 tu. Mwelekeo umepatiwa, namba imekosewa, na kukosea kwenyewe kumeegemea upande wa hatari: zebaki hugeuka mvuke upesi kuliko unavyodhani.

Sababu ni elektroni mbili za nje. Atomu ya zebaki huzishikilia kwa nguvu mno, hazishiriki sana kuunganisha atomu na jirani zake, hivyo atomu huachana kirahisi. Dhahabu iko nyumba ya pili tu, namba 79 kwa 80, lakini haichemki hadi nyuzi zipite 2,800. Moto wa mkaa unaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu kwenye kikaango.

Inayofukuzwa haipotei. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na anayepuliza moto anauvuta moja kwa moja. Hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Kuchomea donge kwenye jiko la nyumbani, hata mlango ukiwa wazi, ni kuigawia familia nzima.

Tabia hiyohiyo ya kuchemka mapema ndiyo inayotoa njia ya kuinasa. Donge huwekwa kwenye chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa maji. Mvuke ukifika hapo unarudi kuwa kimiminika. Chuma hufaa kwa sababu zebaki haishikamani nacho kama inavyoshikamana na dhahabu. Zebaki inayodondoka upande wa pili inaweza kutumika tena, na chombo kisifunguliwe kabla hakijapoa kabisa.