Mercedes E-Class ya mtumba: sikiliza injini kabla ya kutoa pesa

Mercedes-Benz E-Class mpya huja na waranti, lakini bei yake huporomoka zaidi miaka ya mwanzo. Ndiyo maana wengi huacha mwingine abebe hasara hiyo, wao wachukue mtumba.

Inayopendwa ni W212, iliyotoka 2009 hadi 2016. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iwe baridi. E200 na E250 za petroli za miaka ya mwanzo zinatumia injini ya M271, na cheni yake ya taimingi hulegea. Ukisikia vyuma vikigongana sekunde chache baada ya kuwasha, cheni imechoka. Ikiruka, vali hugonga pistoni, na hapo injini ndiyo basi tena.

W211 iliyotangulia ni nafuu, ila za kabla ya 2006 zina breki za SBC. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga breki. Ikifika kikomo, inataka kubadilishwa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hivyo W212 za sokoni huko zimeshaonja mashimo ya barabarani. Chungulia bushi na shokomzoba. Nenda na fundi mwenye mashine ya kupima; muuzaji akikataa gari lipimwe, ondoka.