Ufizi ukitoka damu, usingoje jino lilegee

WAKAZI wengi wa Kisumu na vijiji vya ufuoni, kuanzia Dunga hadi Usenge, humwendea daktari wa meno siku ile tu maumivu yanapowanyima usingizi. Kufikia hapo, mara nyingi kinachosalia ni kung'oa. Ugonjwa wa fizi hauna hisani ya kuuma mapema. Hutoa damu kidogo mtu apigapo mswaki, hunukisha kinywa, kisha huendelea kimyakimya kwa miaka mingi.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya watu wazima walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ni ajabu kwamba jambo linalowapata karibu watu wote huzungumzwa kwa nadra hivyo.

Wengi huita kila damu ya ufizi kiseyeye na kukimbilia machungwa. Kiseyeye halisi husababishwa na upungufu wa vitamini C, nacho si cha kawaida siku hizi. Mkosaji mkuu ni ukoga, yaani utando wa bakteria unaojishikiza penye shina la jino. Mwaka 1965, mtaalamu Harald Löe na wenzake nchini Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika muda wa wiki tatu hivi, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporejea mswaki, uvimbe ulitoweka baada ya siku chache.

Ukoga usipoondolewa hugeuka mgumu kama jiwe, na hapo mswaki haufui dafu. Ufizi huachana na jino, pakatokea mfuko ambamo bakteria hujificha na mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole. Mfupa huo ukishapotea, kwa kawaida haurudi wenyewe.

Mtaalamu wa fizi huanza kwa kupima. Hupitisha kijiti chembamba chenye alama kati ya ufizi na kila jino: kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida, lakini 4 na zaidi, hasa penye damu, humtia shaka. Picha ya eksirei humwonyesha mfupa uliosalia. Kisha hukwangua ukoga juu na chini ya ufizi, hadi kwenye mzizi, baada ya kutia ganzi ikihitajika. Wengine huogopa kwamba kukwangua hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ukoga mgumu huficha ulegevu uliokuwepo tayari.

Baada ya wiki kadhaa hupima tena. Mifuko mingi huwa imepungua kina. Ile iliyobaki mirefu, milimita 6 au zaidi, huenda ikahitaji upasuaji mdogo: ufizi hufunuliwa, mzizi husafishwa kwa kuonekana, kisha hushonwa. Dawa za kuua bakteria peke yake haziponyi, kwani hazibandui ukoga.

Wenye kisukari hupaswa kuwa waangalifu zaidi, maana sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa huo huifanya sukari iwe vigumu kudhibitiwa. Tumbaku pia huharibu, tena kwa hila: hupunguza damu inayotoka, mvutaji akadhani yu salama. Katika kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay, ambako maambukizi ya HIV ni ya juu, vidonda vya ghafla vya fizi vinaweza kuwa dalili ya kinga iliyodhoofika.

Zamani Wajaluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini kijana alipoingia utu uzima. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba taya zikikazwa na pepopunda, mgonjwa angenyweshwa uji kupitia pengoni. Desturi hiyo imefifia. Pengo linaloletwa na ukoga halina heshima hiyo.

Aliyetibiwa hurudi kukaguliwa kila baada ya miezi 3 au 4 mwanzoni, kwa kuwa bakteria hurejea mifukoni. Nyumbani hupiga mswaki mara mbili kwa siku na kupitisha uzi kati ya meno. Mswaki wa mti nao hufaa, mradi ncha yake iwe laini na ifike magegoni.