Mashine ya boti ya mtumba: Ikague kabla hujatoa fedha

WAVUVI wengi wa Lipingo na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa bado wanategemea mtumbwi na kasia. Anayetaka kufuata usipa mbali na ufukwe, au kusafirisha abiria na mizigo kwenda Liuli na Mbamba Bay, hufikiria kununua mashine ya kufunga nyuma ya boti. Kwa kuwa mashine mpya ni ghali, walio wengi huangukia kwenye iliyokwisha tumika.

Si uamuzi mbaya. Hata hivyo, bei ya kununulia ni sehemu moja tu ya gharama. Sehemu nyingine ni petroli, oili, vipuri na siku ambazo boti italala ufukweni ikisubiri fundi. Lipingo, ambayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya Wilaya ya Nyasa kuanzishwa mwaka 2012, iko mbali na maduka makubwa ya vipuri. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay imepunguza adha ya safari, lakini kipuri kinachokosekana Mbinga na Songea hulazimu kuagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Lipo pia suala la uhai. Ziwa Nyasa lina kina cha takribani mita 700, na kati ya Mei na Agosti huvuma upepo mkali wa kusini mashariki, mwera. Mashine ikizimika katikati ya mawimbi hayo, boti hukosa mwelekeo na kugeuka ubavu. Kwa hiyo mashine ya bei poa isiyoaminika haiwezi kuitwa rahisi.

Hesabu kabla ya kununua

Mashine ya nguvu farasi 15 ya stroku mbili, yaani ile ambayo petroli huchanganywa na oili, hutumia kati ya lita 6 na 7 za petroli kwa saa ikikimbizwa kwa nguvu zote. Tuchukue mfano wa boti inayotembea saa 2 kila usiku, kwa siku 20 za mwezi ambazo mbalamwezi haizuii uvuvi wa taa. Kwa lita 7 kwa saa, hizo ni lita 280 kwa mwezi.

Sasa tuseme mashine imechakaa na inakula lita 1 zaidi kwa kila saa. Hiyo ni ziada ya lita 40 kwa mwezi, au lita 400 katika miezi 10 ya kazi. Zidisha kwa bei ya petroli ya kijijini, kisha linganisha na punguzo ulilopewa na muuzaji. Mara nyingi punguzo hilo humezwa na petroli katika msimu wa kwanza au wa pili.

Mambo ya kukagua

Kwanza, mwambie muuzaji asiiwashe mashine kabla hujafika. Mashine nyingi chakavu huwaka vizuri zikiwa na moto, lakini zikiwa baridi husumbua. Iwashe mwenyewe ikiwa ndani ya maji au kwenye pipa lililojaa maji. Kuiwasha ikiwa kavu, hata kwa muda mfupi, huunguza mpira wa pampu ya maji.

Pili, tazama kitundu cha pembeni kinachotoa maji. Maji yanapaswa kuruka kwa nguvu na bila kukatika. Yakidondoka kidogo kidogo, pampu imechakaa au njia za maji zimeziba. Zingatia zaidi jambo hili kwa mashine iliyotoka pwani, kwa sababu chumvi ya bahari huganda ndani na kula chuma hata kama kwa nje mashine imepakwa rangi mpya.

Tatu, mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda zote ziwe karibu sawa. Tofauti ikizidi asilimia 10, huenda ringi zimekwisha au silinda imechubuka, na matengenezo yake ni makubwa.

Nne, fungua skrubu ya chini ya boksi la gia na uangalie oili. Oili nyeupe kama maziwa ina maana kuwa maji yameingia kupitia sili zilizochakaa. Chembe za chuma ni dalili ya meno ya gia kulika.

Tano, pima urefu wa mguu wa mashine. Ipo inayofaa ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, na ipo ya inchi 20. Mguu mfupi kwenye boti ndefu hufanya propela ipige hewa kila wimbi linapopita.

Mwisho, soma namba ya mashine kwenye kibati chake. Kama imekwanguliwa, achana nayo. Kama ipo, iandikwe kwenye hati ya mauziano mbele ya mtendaji wa kijiji, kwani mashine za boti huibwa na mnunuzi anaweza kujikuta mikononi mwa polisi.

Matunzo yasiyo na gharama kubwa

Mashine nyingi za stroku mbili huhitaji sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, ingawa ni vema kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Kwa uwiano huo, lita 20 za petroli huchanganywa na mililita 400 za oili. Kipimo kiwe chupa yenye alama, si kukadiria kwa jicho. Tumia oili iliyoandikwa TC-W3, ambayo ni maalumu kwa mashine za boti. Kupunguza oili ili kubana matumizi ni njia ya haraka ya kuua pistoni.

Aidha, petroli ichujwe kwa sababu ya maji na takataka za kwenye madumu. Oili ya gia ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi 6. Mpira wa pampu ya maji ubadilishwe mapema bila kusubiri mashine ichemke. Kikundi kinachomiliki mashine kwa pamoja kiwe na daftari la saa za kazi, na kitenge fedha ya matengenezo kila baada ya mauzo, kabla ya kugawana.

Iwapo mashine itatumbukia ziwani, isiachwe ikae siku kadhaa. Itolewe, plagi zifunguliwe, maji yamwagwe kwa kuvuta kamba, oili imiminwe ndani ya silinda, kabureta isafishwe, kisha iwashwe siku hiyo hiyo.

Hata iliyotunzwa vizuri inaweza kuzimika. Hivyo boti isiondoke ufukweni bila makasia, plagi za akiba, spana yake, kamba ya kuwashia ya ziada na maboya ya kila aliyemo. Gharama ya vitu hivyo ni ndogo ikilinganishwa na thamani ya boti, samaki na watu waliomo.