Picha, Sauti na Ushahidi: Mfano wa Mahakama ya Bukavu

Tukitaja mahakama ya kielektroniki, aghalabu msomaji huwaza ukumbi wenye skrini na hakimu anayesikiliza shauri kutoka mbali. Huko Bukavu teknolojia iliingia kwa mlango mwingine, yaani simu ya mkononi.

Septemba 2018 mahakama ya kijeshi mjini humo iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR kifungo cha maisha kwa mauaji yaliyofanywa mwaka 2012 katika teritwari ya Kalehe. Miongoni mwa vielelezo zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu iitwayo eyeWitness to Atrocities. Picha ya kawaida ni rahisi kukanwa: wakili wa utetezi huuliza ilipigwa wapi, lini, na nani aliyeigusa tangu hapo. Programu hii huambatanisha na picha saa, tarehe na mahali, kisha huikokotolea namba ya utambulisho itokanayo na picha yenyewe. Nukta moja ikibadilishwa, namba hailingani tena. Nakala hupelekwa katika hifadhi ambayo mpiga picha hawezi kuigusa.

Hata hivyo picha haisemi. Anayesema ni shahidi, naye katika Kivu Kusini husema Kiswahili, Kimashi au Kihavu. Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na kumbukumbu za mahakama huandikwa kwa lugha hiyo. Mkalimani hufasiri, karani huandika, na neno la shahidi hupotea papo hapo. Mathalani, mwanamke akisema "walinishika kwa nguvu", je, alikamatwa au alibakwa? Katika Kiswahili cha huko usemi huo huweza kubeba maana hiyo ya pili. Wakati wa rufani hakimu husoma chaguo la mkalimani tu. Hana njia ya kulirudia neno lenyewe.

Kwamba sauti yaweza kuhifadhiwa si jambo la kubuni. Katika shauri la Kavumu, lililohukumiwa Desemba 2017, mahojiano ya watoto yaliyorekodiwa kwa video yalitumiwa ili wasilazimike kusimama mbele ya washtakiwa. Nayo Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, ya Machi 2023, inazungumzia ushahidi wa kielektroniki. Kwa maoni yangu, kinachopungua ni uamuzi kwamba sauti katika lugha ya shahidi ndiyo asili, na Kifaransa ni tafsiri iliyoambatanishwa nayo.