Kiingereza cha Exetat Kipitie Kiswahili

Finalisti wa Kisangani, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anaweza kufaulu Kiingereza cha Exetat bila kufungua kinywa hata mara moja. Mtihani huo wa dola, ambao Kongo imekuwa nao tangu 1967, una sehemu mbili. Katika ile inayoitwa "hors session", mtahiniwa huandika insha ya Kifaransa na kuketi mbele ya wasahihishaji ili ajieleze kwa Kifaransa. Kisha zinakuja zile siku nne ambazo kila mzazi anazijua, za kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuchapwa. Kiingereza kimewekwa huko: kifungu cha kusoma na maswali yake, sarufi kidogo, msamiati kidogo. Kusema hakuulizwi.

Kisichoulizwa hakifundishwi. Ndiyo maana katika shule nyingi za komuni za Makiso, Mangobo au Kabondo somo la Kiingereza limekuwa somo la kimya. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa linanakili, na miezi ya mwisho inaliwa na maswali ya miaka iliyopita. Mzazi hana la kulalamika, maana alama ya kufaulu ni asilimia 50 na aitemu (swali la mtihani) ni aitemu. Lakini hesabu hiyo ina kosa, nalo liko kwenye kusoma kwenyewe.

Mtu asomaye hubadilisha herufi kuwa sauti kichwani, hata akiwa amefunga mdomo. Wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliandika mwaka 1974 juu ya kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika maneno machache wakati akili inayafanyia kazi. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba sehemu ya kumbukumbu hiyo inayohifadhi sauti hubeba takriban maneno ambayo mtu anaweza kuyatamka kwa sekunde mbili. Tafakari maana yake kwa finalisti wetu. Anayetamka Kiingereza kwa wepesi anaingiza sentensi nzima katika sekunde hizo. Anayejikongoja anaingiza maneno matatu, na akifika kwenye nukta mwanzo wa sentensi umeshamtoka. Anarudi kuusoma tena na tena, dakika zinakwenda, mwishowe anachagua jibu kwa kubahatisha. Tatizo lake tunaliita "hajui msamiati", kumbe mara nyingi maneno yenyewe anayajua moja moja.

Kwa hiyo kusoma kwa sauti ni sehemu ya maandalizi ya mtihani ule ule wa kimya. Nasema kwa sauti hasa, sauti ya kusikika na jirani.

Jambo la pili linahusu lugha tunayoitumia kuifikia lugha nyingine. Kisangani ina utajiri wa lugha ambao miji mingi ya nchi hii haina. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya kutoka mashariki, na mwaka 1887 Tippu Tip, bwana wa misafara hiyo, aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani hapa hapa. Lingala ilipanda na mto kutoka magharibi, na leo mtoto wa komuni ya Tshopo au Lubunga hupita kutoka lugha moja hadi nyingine bila kujua kwamba amepita. Shuleni lugha ya kazi ni Kifaransa. Basi mwalimu wa Kiingereza, naye akiwa amefundishwa hivyo, hueleza kila kitu kwa Kifaransa: wakati huu wa kitenzi ni sawa na "passé composé", neno hili ni sawa na "depuis". Kwa msamiati si vibaya, kwa kuwa Kiingereza kimechota maelfu ya maneno kutoka Kifaransa. Kwa vitenzi ni balaa.

Chukua aitemu ya aina hii: "She ___ to Bunia last week", na majibu ni 1. goes, 2. has gone, 3. went, 4. will go, 5. going. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kifaransa anasema moyoni "elle est allée", anaona kitenzi kisaidizi, anachagua 2. Amekosa. Kifaransa cha kila siku hutumia umbo moja kwa tendo lililokwisha jana na kwa tendo ambalo matokeo yake yako mbele yetu sasa. Kiingereza huvitenganisha viwili hivyo, na Kiswahili pia. "Alikwenda Bunia wiki jana": hapo kuna -li-, kwa hiyo "went". "Amekwenda Bunia", yaani hayupo hapa, usimtafute: hapo kuna -me-, kwa hiyo "has gone". Mtoto wa Mangobo aliyeulizwa na mgeni mlangoni alipo mama yake hujibu "amekwenda sokoni" bila kusita. Sheria anayoihangaikia darasani anaitumia kila siku nyumbani.

Mfanano huo wa Kiswahili na Kiingereza unaendelea. "Sijala bado" ni "I have not eaten yet". "Nimekwisha kula" ni "I have already eaten". Kile kiambishi -ja- cha kukanusha, ambacho Kifaransa hakina, ndicho kinachoelekeza kwenye "yet". Katika sentensi za sharti mambo ni mazuri zaidi. Sarufi ya Kiingereza hufundisha aina tatu za "if", na wanafunzi huzikariri kama kanuni za kemia. Kiswahili sanifu kinazo tatu hizo hizo: "akija nitamwona", "angekuja ningemwona", "angalikuja ningalimwona". Ya kwanza inawezekana, ya pili ni ya kudhania, ya tatu imepita na haiwezi kurudi. Weka kando yake "if he comes I will see him", "if he came I would see him", "if he had come I would have seen him", na kazi ya wiki nzima inakwisha kwa saa moja. Kauli ya kutendwa nayo ni hivyo hivyo. "Barua imeandikwa na mwalimu" inabeba -me-, -wa na "na", sawa na "has", "been written" na "by".

Hata "since" na "for", mtego unaopendwa na watunzi wa mitihani, hufunguka hapa. Kifaransa kina "depuis" kwa vyote viwili. Kiswahili kinasema "tangu 2019" kwa mwanzo wa muda, na "kwa miaka mitano" kwa urefu wake. Ni kweli kwamba mitaani kwetu husikika "tangu miaka mitano", na -ngali- imekuwa nadra kuliko -nge-. Kiswahili cha Kisangani kimeishi na Kifaransa na Lingala kwa muda mrefu, kimekopa na kukopesha. Lakini Kiswahili cha Biblia na cha redio kila mtu hapa anakisikia, na hicho kinatosha kwa kazi hii.

Msaada huo una mipaka, na mwalimu aiseme wazi. -Me- haifuati Kiingereza kila mahali: "amechoka" ni "he is tired", "amelala" ni "he is sleeping" au "he is asleep", "amevaa" ni "he is wearing". Vitenzi vya hali vinahitaji kufundishwa peke yake. Pabaya zaidi ni "he" na "she". Kiswahili kina "yeye" tu, hakijali kama ni mume au mke, na Kifaransa kinapotosha zaidi kwa sababu "sa mère" inafuata jinsia ya mama, si ya mwenye mama. Matokeo yake ni "John loves her mother" kwa mtu anayetaka kusema John anampenda mama yake mwenyewe. Katika kifungu cha kusoma chenye watu watatu, anayechanganya "his" na "her" hajui tena nani alimpiga nani. Hapa dawa ni zoezi la penseli: kila kiwakilishi kipigiwe mstari na kuunganishwa kwa mshale na jina kinalolirejelea.

Sauti nazo zina hadithi yake. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu karibu ishirini, pamoja na zile zinazoanza mahali pamoja na kuishia pengine. "Live" na "leave" kwetu huwa neno moja, na mtu anayetaka kusema anaishi Kisangani anajikuta akitangaza kwamba anaihama. Mkazo ni shida kubwa kuliko irabu. Kiswahili huuweka karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa mwishoni, Kiingereza popote kinapotaka: "PHOtograph", lakini "phoTOgraphy", lakini "photoGRAphic". Sheria peke yake hazitoshi kuukariri, hukaa sikioni kwa kusikia na kurudia.

Kwa konsonanti tuna bahati ambayo tunaitupa wenyewe. Sauti za "think" na "this" zimo katika "thamani" na "dhahabu". Mfaransa hana sauti hizo. Lakini mitaani tunasema "samani" na "zahabu", na "hapana" inakuwa "apana". Anayesema "apana" ndiye atakayesema "ouse" badala ya "house". Mwalimu wa Kiingereza anaweza kuanza saa yake kwa kusahihisha Kiswahili, na asione haya.

Juu ya maneno yanayofanana na ya Kifaransa lakini yana maana nyingine sihitaji kusema mengi. Kila kitabu kinayataja. "Library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu; "actually" ni "kwa kweli", si "sasa hivi"; "to attend a meeting" ni kuhudhuria, si kusubiri. Mtunzi wa aitemu anajua kwamba Mkongo atateleza hapo, na jibu la mtego huwekwa kwa makusudi.

Mazoezi yenyewe hayadai fedha nyingi. Wanafunzi wawili wanatosha. Mmoja anasoma aya kwa sauti, mwingine amefunga kitabu, anasikiliza, kisha anaeleza kwa Kiswahili alichokisikia. Asipoweza kueleza, kosa linaweza kuwa la msomaji au la msikilizaji, na kubishana juu ya hilo ni nusu ya somo. Mara ya pili anaeleza kwa Kiingereza, hata kwa sentensi fupi. Mara ya tatu msikilizaji anatunga maswali mawili yenye majibu matano kila moja, manne yakiwa ya uongo unaofanana na ukweli. Aliyewahi kutunga mtego huuona wa mwenzake kwa mbali: jibu linalochukua maneno ya kifungu lakini linageuza maana, jibu ambalo ni kweli duniani lakini halimo katika maandishi, jibu lenye "always" au "never" pale mwandishi aliposema "often".

Kitabu cha kusoma kiko karibu kuliko tunavyodhani. "Good News Bible", iliyokamilika mwaka 1976, iliandikwa makusudi kwa Kiingereza chepesi, na wasomaji ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa walifikiriwa tangu mwanzo. Ukiiweka kando ya Biblia ya Kiswahili unasoma mstari kwa mstari, kila mmoja una namba yake. Kwa hadithi za Luka na Matendo hakuna kamusi bora. Asiyependa njia ya kanisa atafute matangazo ya BBC Learning English, ayanakili kwenye kadi ya simu mara moja, agawane na wenzake. SNEL ikikata umeme, simu yenye chaji inaendelea kusema gizani, na gizani ndipo sikio linapofanya kazi vizuri.

Vilabu vya Kiingereza vya Jumamosi mimi naviunga mkono kwa sharti moja. Vingi huvutiwa na mdahalo, na mdahalo huwapa nafasi wasemaji wale wale watatu. Wengine hupiga makofi. Bora kikundi cha watu wanne ambamo kila mmoja analazimika kusoma na kuulizwa.

Kwa aliye na pumzi ya kuendelea baada ya diploma, mji huu umo ndani ya fasihi ya Kiingereza. Joseph Conrad alifika Stanley Falls mwaka 1890, na "Heart of Darkness" ya 1899 ilitoka katika safari hiyo. V. S. Naipaul alichapisha "A Bend in the River" mwaka 1979, na mji wake usio na jina wasomaji wengi wanautambua kuwa Kisangani. Si vitabu vya finalisti. Kiingereza cha Conrad kinawachosha hata wenye lugha yao. Wala havituonyeshi kwa uso wa kupendeza. Lakini mwenye kutaka kuvijibu lazima kwanza awe amevisoma.

Soko nalo limeshaamua kutumia Kiingereza bila kungoja wizara. Bidhaa nyingi zinazoingia Kisangani kwa barabara ya Bunia hutoka Uganda, na tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara anayekwenda Kampala hukuta kwamba Kiswahili chake kinamfikisha nusu ya safari, na ankara, mkataba na karatasi za forodha ziko kwa Kiingereza. Hakuna anayempa majibu matano achague.

Kwa hiyo neno langu ni kwa maprefe, wakuu wa shule zetu, na walimu. Exetat hatuwezi kuibadilisha kutoka hapa, lakini alama za mwaka ziko mikononi mwenu. Tengeni sehemu yake kwa kusoma kwa sauti na kujibu kwa mdomo, kuanzia darasa la tatu la sekondari, kabla hofu ya mtihani haijaingia. Dakika kumi za kila somo zinatosha. Na mwanafunzi akikwama kwenye "has gone", mwulizeni kwa Kiswahili mama yake yuko wapi.