Frans Witte na furu wa Mwanza
Kwa wavuvi na wachuuzi wa Ziwa Victoria, samaki wa fedha ni sangara, sato na dagaa. Furu ni mdogo, miiba tele, bei ndogo. Mwanabiolojia Mholanzi Frans Witte, wa Chuo Kikuu cha Leiden, aliamua kumpa huyo furu sehemu kubwa ya maisha yake, na nadhani hakuna uamuzi uliolifaa ziwa letu zaidi ya huo.

Witte alikuwa mhimili wa HEST, kikosi cha utafiti kilichoanza kazi Mwanza mwaka 1977. Wakati huo furu walikuwa takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki waliovuliwa karibu na sakafu ya ziwa, wa spishi zinazokadiriwa kupita 500. Kila spishi ilikuwa na riziki yake: wapo wavunja konokono, wapo wakwangua mwani miambani. Na kwa kuwa mama furu huatamia mayai kinywani, wapo waliozoea kumlazimisha ayateme, wayameze wao.

Sangara, ambaye huwala furu, alipandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, lakini katika Ghuba ya Mwanza alifurika baada ya 1980. Kina Witte walikuwa wakikokota nyavu zao maeneo yaleyale mwaka hadi mwaka, kwa hiyo waliona spishi moja baada ya nyingine ikikosekana. Walikadiria kuwa takribani 200 zilitoweka. Sangara hakuwa peke yake: udongo na uchafu kutoka nchi kavu vilirutubisha mwani, maji yakawa na giza, oksijeni ikapungua. Mwenzao Ole Seehausen alionyesha mwaka 1997 kwamba kwenye maji ya giza majike hushindwa kutofautisha rangi za madume, na spishi huchanganyikana.

Miaka ya 1990, sangara walipovuliwa mno, baadhi ya furu walirudi. Witte alimchukua mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, akamlinganisha na wale aliowahifadhi chupani miaka ya 1970. Eneo la matamvua lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64, macho yamepungua ukubwa. Katika kichwa kidogo namna ile, kiungo kimoja kikikua kingine hupisha. Mabadiliko hayo yalitokea ndani ya miongo miwili tu, na bila chupa zile yangepita bila kujulikana.

Witte alifariki mwaka 2013. Furu wengi aliowakusanya bado hawana jina rasmi la kisayansi, wanaitwa kwa lakabu walizopewa na watafiti, na baadhi yao hawajaonekana tena ziwani.