Filta Mbele ya Maji ya Kipini
Kipini ndipo Mto Tana, baada ya safari ya takriban kilomita 1,000, unapomwaga maji yake ya rangi ya udongo katika Ghuba ya Ungwana. Mchana jua huwa karibu utosini, uso wa maji unameta kama bati jipya, na mikoko inaonekana weusi mtupu. Hapo mpiga picha hutoa filta mfukoni, na hapo ndipo picha nyingi huharibikia.

Kila filta hula mwanga, na ulaji huo huhesabiwa kwa hatua. Hatua moja ni mwanga kupungua nusu. Filta ya manjano hula kama hatua 1, nyekundu iliyokolea hatua 3, ile nzito ya kijivu hatua 10. Hii ya mwisho hugeuza 1/125 ya sekunde kuwa kama sekunde 8, kwa hiyo bila stendi ya kamera usijisumbue.

Utaambiwa kamera za leo hupima mwanga kupitia lenzi, basi zitajirekebisha zenyewe. Kwa filta ya kijivu isiyo nzito, sawa. Kwa polaraiza, filta inayozungushwa ili kukata mng'ao wa maji, sikubali.

Polaraiza hula hatua 1 na nusu hadi 2, na kiasi hicho hakibadiliki sana unapoizungusha. Kinachobadilika ni mng'ao. Chukua mvuvi aliyesimama mtumbwini kavaa fulana nyeupe, maji yamejaa pande zote za picha. Zungusha filta mpaka mng'ao ukatike: maji yanakuwa kahawia nzito. Kipima mwanga kinaona giza limeingia, kinaongeza mwanga. Maji yanapauka tena, na fulana inaungua, hata mikunjo yake haionekani. Ilhali jua lililoipiga fulana ni lile lile.

Kwa hiyo mnyang'anye kamera uamuzi. Filta ikiwa imeshavaliwa, pima kiganja chako kikiwa kwenye jua lile lile linalompiga mvuvi, kisha ongeza hatua 1, maana kiganja hung'aa kuliko kijivu cha wastani ambacho kipima hukidhania. Funga vipimo hivyo kwa mkono, ndipo uanze kuzungusha.

Filta nyekundu ina vituko vyake. Zile hatua 3 ni za wastani tu. Maji yenye udongo mwekundu hupita humo kwa wepesi, majani ya mikoko hayapiti. Ukipima mikoko, mto utaungua. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, pima bila filta kisha ongeza hatua 3. Kwa kamera ya dijitali siioni faida yake. Kazi hiyo kompyuta huifanya vizuri zaidi baadaye.

Tukirudi kwa polaraiza, mng'ao hukatika vyema ukiyatazama maji kwa mshazari, kama nyuzi 37 kutoka usawa wake. Ukiinama mashuani kutazama chini moja kwa moja, utazungusha bure na hatua zako zimeshaliwa.